Halmashauri tano, dawati moja: kuendesha kwa pamoja mfumo wa taarifa za kero

Sinza ni ya Manispaa ya Ubungo, Kijitonyama ni ya Kinondoni, na mpita njia aliyekuta mtaro umeziba katikati ya hizo mbili hana namna ya kujua apige simu wapi. Tangu Februari 2021, Halmashauri ya Jiji ya zamani ilipovunjwa na Ilala kupandishwa hadhi, mkoa wa Dar es Salaam una halmashauri tano zinazolingana: Jiji la Dar es Salaam, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Hakuna hata moja inayoweza kuiamuru nyingine ibadili mfumo wake. Mifumo ikisomana, itakuwa kwa makubaliano.

Mwongozo huu ni kwa maafisa TEHAMA, maafisa mipango na wanasheria wa halmashauri wanaotaka kuendesha huduma moja ya kidijitali kwa pamoja. Tumechukua mfano wa taarifa za kero (mitaro, taka, taa, mashimo ya barabarani) kwa sababu ndiyo huduma nyepesi ya kuanzia: haina malipo, haigusi hati ya mtu, na ikikosewa hakuna anayepoteza kiwanja. Dar es Salaam hapa ni mfano wa kufanyia hesabu. Hatua ni zilezile kwa Jiji la Mwanza na Ilemela, na kwa kaunti za pwani ya Kenya zitabadilika sheria tu.

Angalia kwanza kilichopo

Serikali ya Tanzania tayari ina e-Mrejesho, mfumo unaopokea malalamiko, maoni na pongezi kwa taasisi zote za umma, na ina menyu ya simu ya *152*00#. Kwa hiyo usifungue mlango mwingine kwa mwananchi kama uliopo unatosha. Kinachokosekana mara nyingi kiko nyuma ya mlango: taarifa ikishapokelewa, inamfikiaje msimamizi wa usafi wa kata, na inahamaje kutoka manispaa hii kwenda ile bila kupotea? Hapo ndipo pa kujenga.

Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya 2019 inaipa Mamlaka ya Serikali Mtandao kazi ya kusimamia miradi ya TEHAMA ya taasisi za umma. Peleka andiko la mradi huko kabla ya kutafuta mzabuni. Kurasa nne zinatosha: tatizo, wahusika, mifumo itakayosomana, na gharama za miaka mitatu. Andiko likipelekwa baada ya mkataba kusainiwa, kila marekebisho yatakayotakiwa yatalipiwa.

Hatua ya 1: Orodhesha nani mwenye kazi

Chukueni aina 12 hadi 15 za kero, si zaidi. Orodha ya aina 60 inapendeza kwenye kikao, lakini mwananchi atachagua "mengineyo" na aliyeko dawatini atalazimika kusoma kila taarifa upya.

Kwa kila aina, andikeni mmiliki wa kazi, si mmiliki wa eneo. Taka zisizozolewa ni za halmashauri. Shimo kwenye barabara ya mtaa ni la TARURA, kwenye barabara kuu ni la TANROADS. Chemba ya majitaka iliyofurika ni ya DAWASA. Taa ndizo zenye utata: nguzo inaweza kuwa ya wakala wa barabara, umeme ni wa TANESCO, na bili inalipwa na mwingine kabisa. Mtaro nao hutegemea: uliojengwa pamoja na barabara hufuata barabara, usio wa barabara hubaki kwa halmashauri.

Kazi hii huchukua wiki tatu hadi nne, na haifanyiki mezani. Tembeeni kata mbili mkiwa na mhandisi wa TARURA na afisa mazingira, mkipiga picha za mitaro yenye ubishi. Sehemu ambayo kila mmoja atasema "si yangu" iandikwe hivyohivyo kwenye jedwali, ikiwa na jina la cheo kitakachoamua na siku za kuamua: tano za kazi zinatosha. Jedwali lenye nafasi tupu ndilo linalozaa kurushiana mpira baadaye, na hakuna programu itakayotibu hilo.

Hatua ya 2: Hati ya makubaliano na pesa

Mwaka wa fedha wa halmashauri unaanza 1 Julai. Hati ikisainiwa Aprili, mchango hauna kifungu cha bajeti, na mradi utaishi kwa barua za kuomba uhamisho wa fedha. Lengeni hati iwe imepita kwenye mabaraza yote ya madiwani kabla ya Desemba, ili ikute maandalizi ya bajeti.

Kugawana gharama ndiko kunakovunja ushirikiano mwingi, kwa hiyo hesabu iwekwe wazi ndani ya hati yenyewe. Tuseme uendeshaji ni shilingi milioni 120 kwa mwaka. Asilimia 40 (milioni 48) igawanywe sawa: milioni 9.6 kila halmashauri. Asilimia 60 (milioni 72) igawanywe kwa idadi ya wakazi wa Sensa ya 2022. Halmashauri yenye asilimia 30 ya wakazi italipa 21.6 juu ya 9.6, jumla milioni 31.2. Yenye asilimia 8 italipa 5.76 juu ya 9.6, jumla milioni 15.36.

Msigawane kwa idadi ya taarifa zilizopokelewa. Inaonekana ni haki, lakini mkurugenzi anayelipa zaidi kila wananchi wake wanapolalamika atapata sababu ya kutowahamasisha walalamike. Sensa haina ubaya huo.

Mengine ya kuandikwa kwenye hati: kura moja kwa kila halmashauri, si kwa ukubwa, halmashauri moja mwenyeji inayoajiri msimamizi wa mfumo na kutunza akaunti, kwa miaka miwili kisha zamu nyingine, na muda wa notisi ya kujitoa. Denmark, yenye manispaa 98, ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2009 jumuiya ya manispaa ilianzisha kampuni yake, KOMBIT, inayonunua mifumo kwa niaba ya zote, na mwaka 2012 baadhi ya manispaa zikaanzisha OS2, umoja wa kutengeneza programu huria kwa pamoja. Kwa halmashauri tano kampuni ni mzigo. Kamati ya watu watano na katibu mmoja wa kudumu inatosha, mradi huyo katibu asiwe mtu anayefanya kazi hii "pamoja na majukumu mengine".

Kwa Kenya msingi wa kisheria uko wazi zaidi. Ibara ya 189 ya Katiba ya 2010 inazitaka serikali za kaunti kushirikiana na kuziruhusu kuunda kamati na mamlaka za pamoja. Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta tayari zina Jumuiya ya Kaunti za Pwani, kwa hiyo zina pa kuanzia bila kubuni chombo kipya.

Hatua ya 3: Kubalianeni taarifa moja inaonekanaje

Hapa ndipo pa kutumia muda. Halmashauri zinaweza kuwa na programu tofauti kabisa zikashirikiana vizuri, na zinaweza kuwa na programu moja zikashindwa, kwa sababu kila moja inaelewa "imeshughulikiwa" kivyake. Washington DC na San Francisco zilishakutana na jambo hili, na zilikuwa miongoni mwa majiji ya mwanzo kufuata Open311, kiwango huria kinachoeleza taarifa ya kero iandikwe vipi ili programu yoyote iisome. Anzeni nacho, kisha ongezeni mnachohitaji.

Kila taarifa iwe na: namba yake, aina ya kero, mahali, kata na mtaa, picha isiyozidi mbili, saa ya kupokelewa, hali, mmiliki wa sasa, na historia ya wote walioishika. Historia isifutike. Anayeikosea aongeze mstari mpya, asirekebishe wa zamani.

Namba iwe fupi ya kusomeka kwenye simu, mfano UB7-4K2, bila sifuri, herufi O, moja wala herufi I. Itolewe na halmashauri iliyopokea kwanza, na isibadilike hata taarifa ikihamia kwingine. Mfumo unaopokea ukitoa namba mpya, mwananchi atakuwa na namba ambayo hakuna anayeijua.

Mahali paandikwe kwa latitudo na longitudo zenye tarakimu tano baada ya nukta, sawa na takriban mita moja. Tarakimu tatu ni kama mita 110, na kati ya Sinza na Kijitonyama mita 110 zinakuvusha manispaa. Wekeni kizuizi: kwa Dar es Salaam latitudo lazima iwe kati ya -7.3 na -6.5, longitudo kati ya 38.9 na 39.7. Alama ya kutoa ikisahaulika, mtaro wa Tandale unatua Ethiopia. Namba mbili zikibadilishana nafasi, unatua Hispania karibu na mpaka wa Ureno. Makosa haya mawili yatatokea wiki ya kwanza, hasa pale data inapopita kwenye jedwali la Excel.

Mpaka wa manispaa unahitaji faili moja tu la ramani, linalotumiwa na wote. Ubungo ilimegwa kutoka Kinondoni na Kigamboni kutoka Temeke, na bado kuna ramani na orodha za zamani zinazoiweka Sinza au Manzese chini ya Kinondoni. Chagueni mipaka iliyotumika kwenye Sensa ya 2022, wekeni tarehe kwenye jina la faili, na asiruhusiwe mtu kutumia nyingine. Kwa mitaro na njia za maji, ramani huria zilizoanza kuchorwa Dar es Salaam na mradi wa Ramani Huria mwaka 2015 zinafaa sana kama tabaka la chini. Simu hukosea mahali kwa mita 5 hadi 20, na katikati ya maghorofa ya Kariakoo hukosea zaidi. Kwa hiyo taarifa iliyo ndani ya mita 50 kutoka mpakani isipangwe na kompyuta. Iende dawati la pamoja, lile linaloongozwa na katibu wa kamati, mtu aitazame.

Saa nayo ina mtego wake. Mtendaji akiandika "saa 2" akimaanisha asubuhi, mfumo unahifadhi saa nane usiku, na ripoti ya muda wa kushughulikia inatoka na saa za kutunga. Msiruhusu saa kuandikwa kwa mkono. Ichukuliwe na mfumo wenyewe.

Sasa hali ya taarifa. Tano zinatosha: imepokelewa, imepangiwa, inashughulikiwa, imehamishwa, imefungwa. Mbili za mwisho ndizo zenye hila. Ofisa anayepimwa kwa idadi ya taarifa zilizofungwa atafunga aliyoihamisha, na takwimu zitapanda huku mtaro ukibaki umeziba. Dawa ni kanuni mbili. Ya kwanza: kuhamisha hakusimamishi saa, muda unahesabiwa tangu dawati la kwanza kabisa lilipopokea, na siku za kila aliyeishika zinaonekana kwa wote. Ya pili: kufunga kunahitaji sababu moja kati ya nne, nazo ni kazi imefanyika (pamoja na picha ya baada), haikuonekana eneo la tukio, ni marudio ya taarifa nyingine, au si kazi ya taasisi yoyote iliyomo. Sababu ya nne isiidhinishwe na aliyefunga bali na katibu wa dawati la pamoja.

Mwananchi naye apewe nafasi ya kukataa. Ujumbe wa herufi chini ya 160: "Taarifa UB7-4K2 imefungwa: mtaro umezibuliwa. Kama si kweli, jibu HAPANA ndani ya siku 7." Akijibu, taarifa inafunguka na saa yake ya zamani, haianzi upya.

Marudio ni mengi wakati wa mvua. Kanuni ya kuanzia: aina ileile, ndani ya mita 30, ndani ya saa 48, ziunganishwe chini ya namba ya kwanza, lakini kila aliyeripoti apate ujumbe wa mwisho. Kwa taka ongezeni muda hadi siku tano, kwa sababu kontena lililojaa leo litaripotiwa kila siku hadi lizolewe.

Hatua ya 4: Mifumo isomane

Kiufundi hii ni sehemu nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Kila halmashauri ibaki na mfumo wake kama inao, na zibadilishane taarifa kupitia mfumo wa serikali wa kubadilishana data, GovESB, badala ya kila moja kuunganishwa na kila nyingine. Halmashauri tano zikiunganishwa mojamoja ni viunganishi kumi. Ongeza TARURA na DAWASA, vinafika ishirini na moja.

Mtandao utakatika, kwa hiyo mfumo unaotuma ujaribu tena, na unaopokea utambue namba ileile ikija mara mbili bila kutengeneza taarifa mpya. Jaribuni hili kwa makusudi: chomoeni waya dakika kumi, tumeni taarifa 20, rudisheni, kisha hesabuni upande wa pili. Zikitoka 23, kazi haijaisha.

Kama mnatumia menyu ya simu, ukurasa mmoja wa USSD haubebi zaidi ya herufi 182, na Kiswahili kina maneno marefu. Chaguo sita kwa ukurasa ndiyo mwisho. Mahali pa tukio kwa mtu asiye na simu janja paulizwe kwa kata, mtaa na alama inayojulikana. Postikodi ya tarakimu tano hufika ngazi ya kata tu, na wengi hawaikumbuki.

Hatua ya 5: Taarifa binafsi

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023. Halmashauri zote tano zinashika data, kwa hiyo hati ya makubaliano iseme nani anamjibu mwananchi akitaka kujua au kufuta kinachomhusu. Namba ya simu ya aliyeripoti ionekane kwa dawati lililopokea tu. Fundi wa mtaro haihitaji. Mtu aliyeripoti jirani anayetiririsha majitaka barabarani atajuta kuripoti siku namba yake itakapofika mtaani. Picha zipitiwe kabla ya kuwekwa hadharani, maana nyuso na namba za magari zimo.

Kenya, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, tathmini ya athari ikihitajika hupelekwa kwa Kamishna wa Data siku 60 kabla ya kuanza kuchakata data, na uvujaji unaoweza kumdhuru mtu huripotiwa ndani ya saa 72. Siku hizo 60 ziingizwe kwenye ratiba tangu mwanzo.

Hatua ya 6: Mkataba na mjenzi wa mfumo

Zabuni ipite NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi, kama kawaida. Vifungu visivyojadiliwa ni vinne: msimbo wa programu ni mali ya halmashauri zote kwa pamoja na unahifadhiwa mahali wanapoufikia wakati wowote, data yote inaweza kutolewa ndani ya siku tano kwa faili la kawaida linalosomeka, nywila za juu kabisa ziko kwa halmashauri mwenyeji, na matengenezo yana bei kwa miaka mitatu. Kadirieni matengenezo kwa asilimia 15 hadi 20 ya gharama ya kujenga, kila mwaka. Mradi usio na fungu hilo hufa mwaka wa pili, simu zikishabadilisha matoleo na programu ikikataa kufunguka.

Tofauti za halmashauri ziingie kama mpangilio, si kama msimbo. Jina la idara, siku za kushughulikia na nembo ni mpangilio. Kila mmoja akiruhusiwa kubadilisha msimbo wake, baada ya muda mnakuwa na mifumo mitano. Barcelona mwaka 2016 ilianza na Consul, programu ya ushirikishwaji wa wananchi iliyotengenezwa na Madrid, ikaibadilisha ifae mahitaji yake, kisha ikaandika yake upya na kuiita Decidim. Zote mbili zilifanikiwa, lakini hayo ni majiji yenye pesa na mafundi wa kulea programu mbili. Halmashauri zetu haziwezi kumudu hilo, tusidanganyane.

Hatua ya 7: Jaribio

Chagueni kata zinazopakana zenye mto au mtaro mmoja, mfano Sinza, Kijitonyama na Tandale, ambako Mto Ng'ombe unapita Sinza na Tandale bila kuuliza manispaa. Wiki nane, zianze katikati ya Januari, ziishe kabla ya masika kupamba moto. Kuanza Aprili ni kutaka mfumo ufe kwa wingi wa taarifa.

Wiki mbili za kwanza tumieni daftari na kundi la WhatsApp la watendaji, mkifuata aina, hali na sababu zilezile. Inachosha, ndiyo, ila hapo ndipo mtagundua aina mbili zinazochanganywa (mtaro ulioziba na kalavati lililovunjika ni jozi ya kawaida) kabla hazijaingia kwenye msimbo. Wiki sita zinazobaki ni za mfumo wenyewe. Kikao kila Ijumaa, dakika 45, ajenda moja: taarifa zilizohamishwa zaidi ya mara mbili. Mtendaji wa mtaa awepo, kwa sababu ndiye anayejua kuwa mtaro ulizibuliwa Jumanne na kujazwa taka Alhamisi.

Namba tatu tu ziangaliwe: nusu ya taarifa hufungwa ndani ya siku ngapi, ngapi zinafunguliwa tena na mwananchi, na ngapi zinakaa bila mmiliki zaidi ya siku mbili. Idadi ya taarifa zilizopokelewa isitumike kama kipimo cha ufanisi. Ikipanda inaweza kuwa mitaro mingi imeziba, au watu wengi wameanza kuamini.

Halmashauri inapojitoa

Itatokea, hasa baada ya uchaguzi au mkurugenzi kuhamishwa. Notisi iwe miezi sita, na isiishie katikati ya mwaka wa fedha. Anayejitoa anachukua nakala ya msimbo na data ya eneo lake, bila namba za simu za waliotoa taarifa nje ya mipaka yake. Mchango aliokwishalipa haurudishwi. Taarifa zilizo wazi siku hiyo zibaki dawati la pamoja hadi zifungwe, kisha kiunganishi chake kizimwe, na katibu athibitishe kwa maandishi kwamba nywila zote za maofisa wake zimefutwa.